Nililipa elfu 38 kuhesabiwa mashimo ya Sirikwa shambani kwetu

Nianze na nyota, maana najua wengi hamtafika mwisho: tatu na nusu kati ya tano. Tatu ni za kampuni. Ile nusu ni ya kijana mmoja wa kushika tepu, ambaye angekuja peke yake ningempa tano na nauli ya kurudi.

Jina lao silitaji. Ni vijana watatu na Probox moja, ofisi yao iko Nakuru mjini, na kosa kubwa walilonifanyia wamekubali kulirekebisha. Wanapima mashamba, wanapiga picha za harusi kwa droni, na siku hizi wameongeza kazi ya kuchora ramani za masalia ya kale. Hiyo ya tatu ndiyo niliyowaitia.

Shamba letu liko juu ya Molo, upande unaopanda kuelekea msitu wa Mau, zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Huko juu mahindi yanasuasua. Kuna ukungu, kondoo, viazi, na mteremko mmoja wa majani ambao haujawahi kuonja plau. Mzungu aliyekuwa na eneo lile kabla ya uhuru alilishia kondoo pale, na ushirika wa akina baba uliponunua shamba mambo yakabaki vile vile, kwa sababu trekta ikipanda mteremko ule inaweza kumlalia dereva. Mashimo yako kwenye mteremko huo.

Kwa asiyeyajua: mashimo ya Sirikwa, wafugaji wa kale, ni kama mabakuli makubwa ya udongo yaliyokatwa ubavuni mwa vilima, nyanda za juu za magharibi mwa Kenya na huku kwetu Bonde la Ufa upande wa Nakuru. Hukaa kwa makundi. Kundi moja laweza kuwa na mashimo yasiyofika kumi, jingine likapita mia. Shimo la kawaida lina upana wa mita 10 hadi 15 na kina cha mita mbili na kitu likiwa bado zima. Walowezi wa kwanza waliyaona yameshamea nyasi, wakaamua kwamba ni mashimo waliyokuwa wakiishi watu, kama fuko. Waliokuja kuchimba baadaye, hasa John Sutton aliyezunguka nyanda hizi miaka ya 1960, ndio waliotuonyesha kwamba aliyelala shimoni ni ng'ombe. Mtu alijenga nyumba yake ya mviringo ikigusana na ukingo wa shimo, mlango ukifungukia humo humo zizini. Shimo lilizungushiwa ua, likaachiwa njia moja tu ya kutokea, inayotazama chini ya mteremko. Mwizi akitaka ng'ombe, sharti ampite mwenyewe. Ilikuwa hivyo kuanzia karibu mwaka 1200 hadi miaka ya 1700.

Sisi watoto hatukujua lolote kati ya hayo. Tulichojua ni kwamba ukikalia gunia la mbolea ukajisukuma kutoka ukingoni, unafika chini ukiwa umepasua sketi. Tulijua pia kwamba upepo wa Julai ukianza kukata, ng'ombe wanaingia mashimoni wenyewe, wanajipanga kichwa kwa mkia, wanacheua. Hakuna aliyewafundisha. Kogo wetu, yaani bibi, alitukataza tu kubaki humo jua likizama, akasema wenyewe wanaweza kurudi kuulizia mifugo yao.

Basi, sababu ya kulipa. Mdogo wangu ndiye anayelima upande wa chini, na tangu apate trekta macho yake yamepanda mteremko. Anataka kufukia mashimo na kukata matuta apande viazi vya Shangi. Katika kikao cha familia nikasema hayo ni makazi ya watu wa kale na yako 14. Akaniuliza, kwa adabu lakini mbele ya wake wa ndugu zangu wote, "Dada, uliyahesabu lini? Ukiwa darasa la tatu?" Nimefundisha jiografia na historia miaka 31. Swali lile lilinilaza macho.

Bei ilikuwa elfu 38 kwa siku moja na nusu: kutembea shamba zima, kupiga picha kwa droni, ramani, na karatasi ya maelezo ya kila shimo. Nusu nikatuma kwa M-Pesa kwanza. Nikaomba waje Januari, nyasi zikiwa fupi na kavu. Wakasema Januari wamejaa, wana nafasi wiki ya pili ya Oktoba. Nikakubali. Hilo kosa naliweka mezani kama langu, ingawa mtu anayeuza huduma ndiye angepaswa kunikataza.

Walisema watafika saa moja asubuhi. Saa tatu na robo nikapigiwa simu kwamba Probox imezama kwenye matope chini ya kanisa. Trekta ya mdogo wangu ndiyo iliyowavuta (naye alicheka njia nzima), na shilingi 1,500 za dizeli nikatoa mimi. Mpaka leo hazijatajwa kwenye hesabu yoyote. Droni ikapaa saa tano na dakika arobaini.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa yangu ilipoanza kuvuja.

Kabla ya kurusha, mkubwa wao alinionyesha kwenye tableti picha za mahali panapoitwa Dartmoor, Uingereza. Ni nyanda za juu zenye baridi, hazina miti, majani magumu na maji yanayotuama, ukitaka kupata picha fikiria kule juu kabisa ya Aberdare. Huko watu wa zama za shaba nyeusi waliacha misingi ya mawe ya nyumba zao za mviringo kwa maelfu. Alinionyesha pahali pamoja, Grimspound, misingi 24 ndani ya boma moja la mawe, kila duara linaonekana kama limechorwa kwa kalamu. Nilifurahi sana kupaona. Hata sababu ya kubaki kwake ni ileile ya kwetu: palipo baridi na mteremko, plau haiendi, na pasipoenda plau mambo ya kale yanalala salama. Akaniambia, "Mwalimu, na yako yatatoka hivi hivi."

Hayakutoka hivi hivi, na mtu yeyote aliyekaa darasa langu la kidato cha pili angemwambia kwa nini.

Mashimo ya kwetu ni udongo uliofunikwa nyasi. Machache yana mawe kidogo kwenye ukingo, mengi hayana. Kitu cha udongo hukioni kwa rangi, unakiona kwa kivuli. Na kivuli kinataka jua lililo chini. Kule Dartmoor, Desemba, jua la saa sita mchana kamili halivuki nyuzi 18 kutoka upeo wa macho. Maana yake siku nzima ni kama jioni. Mtu anaweza kuamka saa nne, akanywa chai, akaenda kupiga picha, na kila kituta kina kivuli kirefu. Sisi tuko kwenye ikweta. Jua letu halipandi kwa kuzunguka, linapanda kama mtu anayepanda ngazi, nyuzi 15 kila saa. Lile jua la chini ambalo wao wanalo mchana kutwa, sisi tunalo kwa saa moja baada ya macheo na saa moja kabla ya machweo. Basi. Na ya jioni huku Molo mara nyingi huliwa na mvua.

Saa sita mchana, Oktoba, kivuli cha fimbo yangu kiliishia kwenye kiatu. Nikamwambia kijana wa droni, "Mwanangu, utapiga picha ya zulia." Akanijibu kwa heshima kwamba kompyuta haihitaji kivuli, inapima urefu wenyewe. Hilo ni kweli nusu. Nilimkalisha akanieleza, na alieleza vizuri, sharti niseme. Droni inapita juu kwa mistari, kila picha ikipanda juu ya mwenzake kwa sehemu kubwa. Kompyuta inalinganisha jiwe lilelile katika picha nyingi na kukokotoa liko juu kiasi gani. Ardhini wanaweka vibao vyeupe ambavyo mahali pake pamepimwa, ili hesabu isipotoke. (Ndama wangu alilala juu ya kimojawapo tangu saa sita hadi saa saba. Kwenye ramani ya kwanza pembe ile ya shamba ilikuwa imekunjika kama sikio la kitabu.) Lakini kompyuta inapima kile inachokiona, na Oktoba inachokiona ni ncha za nyasi. Shimo lenye kina cha mita mbili halijifichi. Shimo lililokwisha kujaa, limebaki na kina cha kiwiko, ukilifunika kwa nyasi za kufika goti limekwenda. Kuna mashine za miale ya leza zinazoweza kupenya kati ya majani na kugusa udongo. Wao hawana, na bei ya kukodi moja waliponitajia nikabadilisha mazungumzo.

Droni ikahesabu mashimo 11.

Mdogo wangu alikuwa amesimama hapo. Hakusema kitu. Aliniangalia tu.

Sasa kijana wa tepu. Huyu wenzake wanamtuma tuma; ndiye anayebeba betri, ndiye anayefungua geti. Wakati wenzake wanakula mkate na soda garini, alinijia na fimbo yake ya mianzi na bendera ndogo nyekundu, akaniuliza, "Mama, ng'ombe wako hupenda kulala wapi?" Nikajua tumepata mtu.

Tulitembea. Namna yake ni ya zamani na haina siri: mnapanga mistari ya kukata mteremko, mita 10 kati ya mstari na mstari, mnatembea polepole mkiangalia chini na mbele, mkihisi kitu mnachomeka bendera, mnaendelea. Hamsimami kupima mpaka mmemaliza, kwa sababu jicho likishapenda shimo moja linaacha kuona mengine. Yeye, mimi, na mtoto wa jirani aliyekuwa likizo. Miguu yangu ina umri wake, lakini mteremko naujua.

Alinifundisha vitu ambavyo nilikuwa nimevipita maisha yangu yote. Thafai, kwanza, yale majani yanayowasha ukiyagusa. Kwetu tunaita siwot. Mmea huu hupenda ardhi iliyonona, na mahali palipolaliwa na mifugo kwa miaka hubaki pamenona muda mrefu ajabu. Tukawa tunafuata thafai kama watu wanaofuata nyuki. Pili, tuta la pembeni mwa mlango. Wenye zizi walikuwa wakisukuma nje samadi na tope na majivu kupitia njia ileile moja, miaka nenda miaka rudi, mpaka kando ya mlango kunainuka kilima chenye udongo laini mweusi. Mimi nilidhani vile vilima ni vichuguu vilivyokufa. Tatu, ukingo wa juu: ukisimama hapo utakanyaga kipande kidogo kilichosawazishwa, upana wa chumba kimoja. Pale ndipo nyumba ilipokuwa. Nilisimama kwenye kimoja ambacho nimekiruka kwa gunia mara mia, nikatazama chini zizini, na kwa mara ya kwanza nikaona mpango mzima ukiwa wa mtu mwenye akili: upepo unapita juu ya kichwa cha ng'ombe, maji ya mvua yanatoka mlangoni, na adui aliye bondeni hakuoni una mifugo mingapi.

Jioni ile mvua ikanyesha kama ilivyotarajiwa. Nikawalaza vijana nyumbani kwa mursik, maziwa yetu ya kugandisha, na ugali, na nikawaambia wazi kwamba kesho droni inapaa saa kumi na mbili na nusu ama niko tayari kugawana hasara. Wakalalamika ukungu. Saa kumi na mbili na nusu ukungu ulikuwepo kweli. Saa moja kasorobo ukapasuka, na kwa dakika kama 40 mteremko wote ukaota vivuli. Sijawahi kuuona hivyo, na nimezaliwa hapo. Hata kijana wa droni alinyamaza. Zile picha za dakika 40 ndizo pekee nilizozitundika ukutani. Zile za mchana ningeweza kuwarudishia.

Jambo moja lilinikera asubuhi hiyo. Yule wa tatu, dereva, aliona kigae cha chungu kwenye njia ya ng'ombe, akakiokota, akakifuta kwa shati, akakitia mfukoni. Nikamwambia akirudishe palepale alipokitoa. Si ukali wa kizee. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inakataza kuchimba na hata kuokota vitu vya kale juu ya ardhi bila leseni, na kampuni inayouza kazi hii ilipaswa kuwa imemwambia dereva wake kabla hajatoka Nakuru. Kigae kikishahama kwao kinakuwa kipande cha chungu tu. Kikiwa mahali pake, karibu na mlango wa shimo la saba, kinasema watu wa shimo la saba walipikia nini. Kijana wa tepu alikipiga picha kando ya sarafu ya shilingi ishirini. Kilikuwa na urembo wa kamba iliyoviringishwa kwenye udongo mbichi, namna ambayo wataalamu wanaiita kwa jina la Lanet, Lanet hii hii yetu ya kushukia matatu, kwa kuwa Merrick Posnansky alichimba hapo miaka ya 1950. Vibali vya droni kutoka mamlaka ya usafiri wa anga walikuwa navyo na walinionyesha bila kuombwa mara mbili. Hapo nawapa haki yao.

Ripoti waliahidi kwa siku saba. Ilikuja siku ya 24, kwenye mafaili makubwa yasiyofunguka kwa simu yangu, nikashuka hadi saiba Molo mjini nikalipia kuchapisha. Ukurasa wa kwanza: "Mashimo yaliyothibitishwa: 22."

Nilisoma nikisimama barabarani. Kila shimo lina nambari, upana, kina, mlango unatazama wapi, kuna tuta au hakuna, hali yake. Kubwa kuliko yote lina upana wa mita 14 na kina cha mita 2.1. Karatasi nzuri, safi, za kazi. Nikafika nambari 16.

"Shimo kubwa lenye kingo zilizohifadhika vizuri kuliko yote. Huenda lilikuwa zizi la kiongozi."

Nambari 16 ni shimo la silaji la marehemu baba, la kufukia majani yawe chakula cha ng'ombe.

Alilichimba mwaka 1983, yeye na vibarua wawili, nami nikiwashikia taa ya chemni jioni kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na majani yalikuwa yamekatwa tayari. Alipanga kulisha ng'ombe wa gredi silaji kama alivyoonyeshwa na afisa wa mifugo. Silaji ikaoza mwaka wa kwanza kwa kukosa karatasi nzuri ya kufunika, na hakurudia tena. Zizi la kiongozi! Nilicheka mpaka mama wa saiba akaniletea kiti. Halafu nikakasirika. Kwa sababu hilo ndilo shimo lililotoka vizuri kuliko yote kwenye picha za droni, kingo zimenyooka, kivuli kikali. Na aliyeandika ripoti hakuwa yule aliyetembea, alikuwa yule aliyekaa mbele ya kompyuta. Angeuliza tu. Halina tuta la samadi, halina mlango wa chini, pande zake mbili zimenyooka kama rula, na udongo uliotoka umerundikwa pande zote. Kijana wa tepu siku ile alilipita bila kuchomeka bendera. Nilimwona.

Nikaanza kuchunguza mengine. Nambari 9 ni shimo la maramu la kutengenezea barabara, na hilo, nikiri, lilikuwa kati ya yale 14 yangu ya utotoni. Nambari 20 ni kazi ya muhanga, ambaye hachimbi mviringo na hahitaji zizi. Ukitoa hayo matatu yanabaki 19, na kati ya hayo sita sikuwahi kuyajua.

Niliwapigia. Mkubwa wao hakubisha, aliomba radhi, na ndani ya siku mbili akatuma ripoti iliyorekebishwa. Nilimwomba aongeze jina la kijana wa tepu kwenye jalada, akaongeza. Nilimwomba pia arudishe shilingi 1,500 za dizeli. Hapo mtandao ukawa mbaya.

Unayefikiria kuwaita, au kuwaita wengine wa aina yao, nakwambia niliyojifunza kwa pesa yangu. Usikubali mwezi wowote ambao nyasi zinakufika goti. Andikeni kwenye mkataba saa ya kuruka. Wakitaka mchana, waende wakapige harusi. Uliza ni nani atakayeandika ripoti, na kama ametembea. Na kabla ya yote, nenda Hyrax Hill, kilomita chache tu kutoka Nakuru mjini ukielekea Nairobi, ukazoeshe macho. Nilienda wiki moja kabla na sikujutia nauli. Mary Leakey alichimba pale mwaka 1937 hadi 1938, na nyumba ya zamani ya shamba imekuwa jumba la makumbusho tangu 1965. Kuna mashimo ya Sirikwa unayoweza kusimama ukingoni mwake na kuona mlango, tuta na nyumba, vyote vikiwa vimefunguliwa kama kitabu. Kuna makaburi ya watu waliotangulia Sirikwa kwa mbali, ambamo wanawake walizikwa na sahani zao za mawe na wanaume wakazikwa mikono mitupu. Nikikumbuka jikoni kwetu, naona haki ilitendeka. Kuna mbao za bao zilizochongwa kwenye mwamba. Pimbi walioupa mlima jina hawakujitokeza siku hiyo, au walinikimbia. Niliwahi kupeleka darasa la saba hapo zamani na kitu walichokumbuka ni soda. Safari hii nilienda peke yangu, nikakaa kwenye nyasi saa nzima.

Nakala ya ramani nimepeleka kwa watu wa makumbusho, pamoja na picha ya kile kigae na mahali kilipo. Nyingine nimeitundika sebuleni. Ya tatu nilimpa mdogo wangu mkononi, nikamwonyesha 19, nikanyamaza, kama alivyoninyamazia yeye.

Aliikunja, akaiweka kwenye sanduku la vifaa la trekta. Siku tatu baadaye nikamwona mteremkoni, anatembea na ile karatasi, anahesabu kwa kidole. Jioni akaja kwangu, akanywa chai, akazungumzia bei ya mbegu, akaaga. Mlangoni akageuka.

"Dada, na lile la mzee? Lile la silaji. Si la Sirikwa, sivyo? Hilo naweza kulifukia."

Nimemwambia asubiri. Januari kijana wa tepu anarudi kwa nusu siku, tumeelewana elfu sita, bila droni. Nitamwomba alipime nalo.